Kilo za Nakanwagi

Nakanwagi alikuwa na miaka thelathini na moja, na uzito wa kilo hamsini na saba anapokula kama mtu. Nazitaja kilo kabla ya mambo mengine kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikizipima, na kwa sababu ndizo zilizomuua. Hapa Maskati wako wanaosema ilikuwa ajali, na wako wanaosema siku zake zilikuwa zimekwisha. Siku za kila mtu huisha, hilo nalijua sana, nimefanya kazi ya unesi miaka thelathini na tatu. Lakini mtu asije nyumbani kwangu kunambia hayo huku anakunywa kahawa yangu.

Alizaliwa kambi ya jeshi, Uganda, ambako askari husema Kiswahili, ndiyo maana alikijua. Baba yake, Mzee Kiggundu, alikuwa sajini jeshini na mwalimu wa ngumi wa askari wenzake, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, alimvalisha glovu bintiye akiwa na miaka tisa. Kiswahili cha Nakanwagi kilikuwa cha kambi, hakina adabu ya sarufi hata kidogo. Kila kitu kwake kilikuwa "iko" na "hakuna". Mwanzo nilikuwa namsahihisha. Baadaye nikajikuta na mimi nawaambia wajukuu zangu "chakula iko mezani", wakanicheka siku nzima.

Alikuja Oman kama wenzake wengi wa kwao, kufanya kazi za ndani. Nyumba aliyofikia ilikuwa Qurum, watoto watano na ngazi za marumaru za kupiga deki kila siku. Siku moja gari ya nyumba ile ilipata pancha, dereva akaipeleka mtaa wa Ghala kwenye duka la matairi la kaka yangu Thabit, na Nakanwagi alikuwa ndani ya gari na watoto. Nyuma ya duka lile kaka ana banda la mabati alilotundika mifuko ya mchanga, anawafundisha ngumi vijana wa mtaani. Nakanwagi aliuona mfuko, akashuka garini, akaomba apige mara moja tu. Kaka anasema mnyororo uliruka kwenye ndoano. Mimi sikuwepo, lakini kaka yangu si mtu wa kutia chumvi, na siku hiyo alikuja kwangu kula chakula cha mchana akasahau kula.

Ilimchukua kaka miezi minane kuzungumza na mwenye nyumba mpaka akakubali kumwachia. Binti wa kaka, Jawaher, alikuwa amefungua chumba cha mazoezi cha wanawake, akamhamishia kwake karatasi za kazi, Nakanwagi akawa anafundisha mabibi wa Qurum kupunguza matumbo asubuhi, na jioni anakwenda Ghala kujifundisha ngumi zake mwenyewe. Katika miaka mitano alipigana kwa kulipwa mara saba, Dubai na Nairobi, akashinda sita. Hiyo moja aliyoshindwa alinisimulia yeye mwenyewe, akicheka, namna alivyoanguka na kuona taa za ukumbini zinahama.

Mimi na ngumi wapi na wapi? Niliingizwa kwa sababu ya mizani. Bondia hupimwa akiwa na nguo za ndani tu, tena kila wiki, na kaka yangu ni mwanamume mcha Mungu. Hakuweza kusimama mbele ya mtoto wa watu aliyevua nguo, wala hakutaka kumtazama hata akiwa na fulana ya mikono mifupi. Alimfundisha miaka mitano akiangalia miguu na glovu. Basi kila Ijumaa asubuhi walikuwa wanakuja nyumbani kwangu Al-Khuwair. Nakanwagi anaingia chumbani kwangu, anavua, anapanda mizani, na kaka anasimama ukumbini, mgongo kaupa mlango.

"Mahbuba, ngapi?" anauliza.

Mimi nampa namba. Yeye anaiandika kwenye daftari lake, na ndio mwisho wa habari. Ndivyo walivyofanya kazi mwalimu na mwanafunzi wake: kaka aliufundisha mwili ambao hakuwahi kuuona, na mimi niliyeuona sikuwa na kazi nyingine ila kusoma namba.

Siku ya kwanza alipoingia kwangu alinipigia magoti. Akapiga magoti kwenye zulia, mikono kaishika pamoja, macho chini. Nilishtuka.

"Inuka, mwanangu, inuka!" nikamwambia. "Hapa tunamsujudia Mungu peke yake."

"Hii hakuna kusali, Mama," akanijibu akiwa bado chini. "Hii ni heshima. Kwetu msichana anasalimia mtu mkubwa hivi."

Wiki ya pili akapiga magoti tena, na ya tatu, nikachoka kumkataza. Alimpigia kaka pia, mle mle bandani, kwenye vumbi na mafuta ya magari, vijana wote wanatazama. Na hilo goti halikuwa la salamu tu. Nilikuja kufahamu kwamba mtoto huyu, mwenye ngumi za kumlaza mwanamume, hakuwa na neno "sitaki" mbele ya mtu aliyemzidi umri. Kambini kwao mkubwa akisema, unaitika na unakwenda.

Sasa nieleze na yangu, nisije nikajifanya mimi ni mwingine. Baba yetu alifariki nina miaka tisa, Thabit ana kumi na tisa. Tuliporudi Oman kutoka Unguja yeye ndiye aliyekuwa baba. Nilipofika umri wa kwenda kusomea unesi, ami zangu walikaa kikao wakasema binti hawezi kwenda kuosha wanaume wa watu. Thabit alikuwa kijana wa jeshini, mwembamba, bondia wa kilo hamsini na moja wa timu ya jeshi. Aliingia kikaoni akasema, "Mahbuba atasoma," akatoka. Nikasoma. Tangu siku ile sijampinga kaka yangu mbele ya mtu, wala nyuma ya mgongo wake. Namgombeza kwa sukari yake na kwa sigara alizokuwa anavuta kwa kujificha, lakini neno lake analolitoa kama mkubwa, kwetu linakaa. Akizungumza, sisi wadogo zake tunaweka vikombe chini. Watoto wetu wanatucheka, wanasema tuna mambo ya kizamani.

Basi mwaka jana, mwezi wa Aprili, promota wa Dubai akapiga simu. Alikuwa na pambano la Julai, na alimpa kaka hiari. Nakanwagi anaweza kupigania mkanda katika uzito wake wa siku zote, kilo hamsini nukta nane. Au, kama uzito unamsumbua, apande daraja, kilo hamsini na tatu na nusu, apigane na msichana wa Kifilipino, raundi nane, bila mkanda. Promota alitaka jibu baada ya wiki tatu.

Kaka alimpa Nakanwagi habari ile bandani. Alipomwambia kwamba kuna mkanda, Nakanwagi alipiga magoti akajifunika uso akalia. Mchana kaka akaja kwangu, macho mekundu.

"Laiti ungemwona, Mahbuba," akanambia. "Mtoto kalia kama kafiwa. Anautaka mkanda huu, wallahi anautaka kama roho yake. Mimi nani nimwambie apande apigane bure?"

Nilimtazama nikasema moyoni: wewe ndiye unayeutaka. Maana kaka yangu katika ujana wake alifika fainali ya mashindano ya majeshi, uzito ule ule, akashindwa kwa pointi moja. Mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka namna alivyorudi nyumbani, hakusema na mtu siku nne. Nikajua hilo ndilo linalomsukuma, na kwamba anamsingizia mtoto. Nilijiona mwerevu sana kwa kulijua hilo. Nikamtilia chai.

Ijumaa iliyofuata nilimpima Nakanwagi, kilo hamsini na tano na nusu. Kaka akaandika, akaenda msikitini. Nakanwagi akabaki na mimi jikoni. Nilikuwa napika biriani, na yeye alikaa kwenye kiti karibu ya dirisha na yai lake la kuchemsha na tango moja alilolikatakata vipande vidogo vidogo ili lionekane jingi. Nyumba nzima inanukia zafarani na vitunguu vya kukaanga, na yeye anatafuna tango. Nilitaka kulia na kumchapa kwa pamoja.

"Mama," akasema, "mimi nataka kuuliza kitu, lakini usiambie Kochi." Ndivyo alivyomwita kaka.

"Uliza, mwanangu."

"Hii kilo haitaki kutoka. Zamani ilikuwa inatoka. Sasa nalala na njaa, naamka na njaa, na kilo iko pale pale. Kichwa inauma. Pale Qantab nikipanda mlima, macho inakuwa giza." Kaka alikuwa anampeleka Qantab alfajiri mara mbili kwa wiki, akimbie kutoka kijijini ufukweni mpaka juu ya barabara na kurudi, na yeye anamfuata na gari. "Mimi nilikuwa bantam kule kwetu, hiyo ya hamsini na tatu na nusu. Nilishuka kwa sababu Kochi alisema mimi ni mfupi. Sasa nataka kupanda. Hiyo fight ya Mfilipino, mimi naona ndiyo yangu."

"Basi kwa nini ulilia, ulipoambiwa habari ya mkanda?"

"Nililia kwa sababu nilijua siwezi kukataa." Alikisukuma kipande cha tango kwa kidole. "Kochi anautaka hiyo mkanda, Mama. Miaka yote anaongea juu yake. Yeye ndiye alinitoa kwa ngazi za watu. Mimi nitamwambiaje hapana? Nimepigia Baba simu. Baba amesema, yeye iko mbali, hawezi kujua. Amesema niulize mtu anaona mwili yangu. Huyo mtu ni wewe. Wewe ni nesi. Nipande ama nibaki?"

Ndilo swali hilo. Hakuna aliyewahi kuniuliza jambo kwa uwazi zaidi ya ule.

Na mimi jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nauona mwili ule kila wiki. Nilikuwa nimeona mbavu, nywele zinakatika na kubaki kwenye fulana, ngozi ya mikono imekuwa kavu kama ya kikongwe. Nilijua kuwa damu yake ya mwezi imesimama tangu Januari, kwa sababu aliniambia, na nilijua maana yake, kwamba mwili umeanza kujifunga kwa njaa. Mwili wa miaka thelathini na moja haukubali tena ulichokubali wa miaka ishirini na sita. Mgonjwa angeingia zahanati yangu kwa hali ile ningemlaza siku hiyo hiyo na kumtia maji ya mshipa.

Lakini akilini nilimwona kaka yangu bandani anaambiwa na mwanafunzi wake, "Mama Mahbuba amesema nipande." Nilijiona mimi nimemzunguka, nimemvunjia heshima jikoni kwangu, kwa mtoto wa watu, baada ya yote aliyonifanyia. Na ulimi ukaniponyoka kwa namna ulivyozoea tangu utoto.

"Msikilize Kochi," nikamwambia. "Yeye ndiye anayeijua kazi yake."

Aliniangalia kidogo. Kisha akasema, "Ndiyo, Mama," akamalizia tango lake, akaosha sahani. Baada ya wiki mbili kaka alimpigia promota akampa jibu la mkanda.

Nisikupotezee wakati na ile miezi ya Mei na Juni. Kilo zilishuka moja moja kwa kuburutwa. Kila Ijumaa nilisoma namba, na kila Ijumaa nikajiambia kuwa wiki ijayo, ikiwa mbaya zaidi, nitasema. Ikawa mbaya zaidi, na mimi nikaihamisha ahadi yangu wiki nyingine mbele. Nilianza kumchemshia supu ya mifupa na kumtilia kwenye chupa bila ya kaka kujua. Nilidhani hiyo ndiyo njia yangu ya kumsaidia. Mtoto akinywa kikombe cha supu, halafu anakwenda kukimbia saa nzima zaidi ili akitoe. Ndio msaada niliompa.

Safari ya Dubai ilikuwa Alhamisi asubuhi, na kupimwa rasmi ni Ijumaa. Jumatano baada ya sala ya alasiri walikuja kwangu. Kaka alitaka aondoke Maskati akiwa na kilo hamsini na moja kamili, ili zile gramu mia mbili zilizobaki zitoke kwa kulala tu. Nilimpima: hamsini na mbili nukta nne. Tangu asubuhi ya jana yake hakuwa amekunywa hata tone la maji.

Mabondia hujitosa kwenye maji ya moto ili jasho litoke. Na Maskati mwezi wa Julai maji ya moto hayatafutwi. Tangi liko juu ya paa, jua limelipiga kutwa, ukifungua bomba la baridi yanatoka maji ya kupikia chai. Nilijaza bafu kwa bomba la baridi, nikatia chumvi ya mawe kilo mbili kama kaka alivyoagiza, na Nakanwagi akaingia. Mimi nilikaa kwenye kigoda pembeni, saa mkononi. Dakika kumi ndani, kisha anatoka namfunga mataulo juu ya kitanda dakika kumi, kisha mizani.

"Ngapi?" kaka akauliza kutoka ukumbini.

"Hamsini na moja nukta tisa."

"Mashallah. Tena."

Akaingia tena. Safari hii uso ulikuwa unawaka moto, lakini jasho lilitoka kidogo. Hamsini na moja na nusu. Nilimpangusa midomo kwa kitambaa kibichi, akakinyonya kile kitambaa, kisha akanirudishia mwenyewe kwa haya.

"Ngapi, Mahbuba?"

"Na nusu."

"Vizuri. Tena mara moja. Yuko vipi?"

Aliniuliza. Kaka yangu aliniuliza yuko vipi. Nakanwagi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda changu, kafungwa taulo, na nilipomshika mkono ngozi ilikuwa moto na kavu. Hakuwa anatoka jasho tena. Hilo mwanafunzi wa unesi wa mwaka wa kwanza analijua. Mwili unaoungua na hautoki jasho, hapo umekwisha kuvuka mpaka. Nilimshika mshipa wa mkono, ulikuwa unakimbia hata sikuweza kuuhesabu.

"Amechoka kidogo," nikasema.

"Mwambie avumilie, mara ya mwisho hii. Mkanda ni wake."

Nakanwagi alisikia. Alisimama mwenyewe. "Moja tu, Mama," akasema, "khalas, moja tu," na maneno yalimtoka kama ya mtu aliyelewa. Nilimshika kiuno nikamwingiza majini kwa mikono yangu hii. Sikufikisha dakika tatu kwenye saa. Alianza kuniita kwa jina la mama yake, macho yakapinda, mwili ukaanza kutetemeka maji yakamwagika mpaka mlangoni.

Ndipo nilipopiga kelele. Nilimwita kaka nikamwambia aingie, na yeye akasita mlangoni, wallahi alisita, anauliza kama mtoto amejistiri. Nikamtukana. Mara ya kwanza katika maisha yangu nilimtukana kaka yangu. Akaingia kafumba macho, tukamtoa tukamlaza chini kwenye vigae, nikamfunika shuka, nikafanya yote niliyofunzwa kufanya.

Gari ya wagonjwa ilikuja upesi. Hospitali walimpokea vizuri na walimpigania, sina lawama na mtu pale. Figo zilisimama usiku ule, na moyo ukasimama Jumamosi. Daktari kijana alinieleza kwa Kiarabu, taratibu, kama mtu anayemweleza bibi asiyejua kitu, na mimi nikatingisha kichwa kama asiyejua kitu.

Jumatatu Jawaher alikuwa anashughulikia karatasi za kumsafirisha kwao. Alikuwa ameshampa baba wa marehemu habari ya msiba, na Mzee Kiggundu aliomba jambo moja, azungumze na watu waliokuwa na binti yake. Kaka alishika simu mara mbili, mara zote akaiweka chini. Alikuwa amekaa kwenye kochi langu tangu asubuhi, kanzu ile ile ya jana. Basi nikapiga mimi. Sikio langu la kulia halisikii vizuri, nikaweka spika.

Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima, tulivu. Alinishukuru kwanza. Alisema Nakanwagi alikuwa anamhadithia habari zangu kila Jumapili, na biriani yangu. Kisha akasema, "Mama, mimi ni askari. Ambia mimi vile ilikuwa, usifiche."

Nikamweleza. Maji, chumvi, mizani. Hakunikatiza.

"Uzito gani alikuwa anatafuta?"

"Hamsini nukta nane."

"Mtoto yangu alikuwa bantam," akasema. "Mimi mwenyewe nilimfundisha. Alinipigia simu mwezi ya nne, akasema anataka kupanda. Nilimwambia, uliza mtu anaona mwili yako. Aliuliza?"

"Aliuliza."

"Aliuliza nani?"

"Mimi."

"Wewe iko na ujuzi?"

"Mimi nesi. Miaka thelathini na tatu."

Nilisikia anavuta pumzi. "Na wewe uliona nini, Mama?"

"Niliona kuwa hawezi."

"Ukamwambia nini?"

Ningeweza kumdanganya, alikuwa mbali na mtoto amekufa. Lakini alikuwa ameniuliza kama bintiye alivyoniuliza, kwa uwazi, na sikuweza mara ya pili.

"Nilimwambia amsikilize Kochi."

Kisha akasema, "Sawa. Sawa, Mama," na simu ikakatika. Hakunilaani. Laiti angenilaani ningekuwa na kitu cha kushika.

Nilipogeuka kaka alikuwa amesimama. Sikumwona akiinuka.

"Alikuuliza nini yule mtoto?" akasema.

"Kama apande uzito au abaki."

"Yeye alitaka nini?"

"Alitaka kupanda, kaka. Alilitaka lile pambano la Mfilipino. Alisema hawezi kukwambia wewe, kwa sababu wewe ndiye unayeutaka mkanda."

Kaka yangu akanitazama kama sijui nimezungumza lugha gani. Ana miaka sabini, na pale alionekana ana mia.

"Mimi?" akasema. "Mimi mkanda wa nini, Mahbuba? Nnautia wapi? Mimi nilidhani yeye ndiye anayeutaka. Si nilikwambia? Si nilikaa hapa hapa nikakwambia namna alivyolia?"

"Uliniambia."

"Na yeye akakwambia."

"Akanambia."

Alirudi kukaa, polepole, anashika mkono wa kochi. "Ungesema tu," akasema. "Wewe ungesema tu neno moja, ningempandisha siku ile ile."